Siku Niliyopandishwa na Winchi ya Kampuni

Aibu nyingine mtu huweza kuikana, akasema si mimi, mlimwona mwingine, lakini yangu haikaniki, maana nilikuwa hewani na nusu ya mji wa Amu ilikuwa chini inanitazama. Basi afadhali niisimulie mwenyewe, kwa sababu nimechoka kuisikia kwa watu ambao hata hawakuwapo, na ambao kila wakiisimulia hunipandisha juu zaidi (sasa nasikia eti nilifika usawa wa mnara wa msikiti, jambo ambalo ni uongo mtupu, sikuzidi urefu wa mnazi mchanga).

Mimi ni mtu wa Faza. Shule niliiacha mapema, si kwa uzito wa kichwa bali kwa kutotulia, mwalimu akianza jambo mimi tayari nataka kujua lile lililo nyuma yake, naye anataka nikae. Baada ya hapo nimefanya kila kazi ambayo mtu anaweza kuifanya bila cheti: nimechoma chokaa Ras Kitau, nimekausha papa Mkokoni, nimekuwa msaidizi wa mpishi melini, nimezungusha winchi bandarini Mombasa. Na kila mahali nikishajua kitu kinavyofanya kazi, hamu inakwisha, nafunga virago. Wengine huita hiyo ni akili. Mkwe wangu, Bwana Shee, aliiita jina jingine, na baada ya kuvumilia vya kutosha alikuja akamchukua mke wangu Esha akamrudisha kwake Faza, akaniambia mbele ya ndugu zangu wote, "Mwanangu si jahazi la kungoja mtu asiye na safari. Shika kazi moja, Ramadhani hata Ramadhani, kisha uje umtukue." Hakutukana, hakupandisha sauti. Aliondoka na mke wangu na sanduku lake, nami nikabaki na jamvi.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na pale Amu palikuwa na kampuni moja ya boriti yenye ghala kubwa pwani. Boriti zilikatwa mikokoni, zikaletwa ghalani, zikapangwa, kisha wanaume wakaziingiza majini mabegani mwao hadi kwenye chombo, kama zilivyoingizwa tangu enzi za mababu. Siku moja kampuni ikaleta winchi ya kuzungusha kwa mikono, ikasimamishwa kwenye gati la mbao mbele ya ghala, ina mkono mrefu wa chuma kama shingo ya korongo na kulabu kubwa inaning'inia. Lakini amri kutoka ofisi kubwa ilikuwa kwamba haitainua hata kijiti mpaka wafanyakazi wote wafundishwe, na kila mmoja ajue kazi yote, kufunga mzigo, kutoa ishara, kuzungusha, kushusha, ili mmoja akiumwa mwingine ashike nafasi yake. Mimi wakati winchi inafunguliwa kwenye makasha nilikuwa nimesimama tu pale (sikuwa na kazi, nilikwenda kutazama), nikaanza kuwaeleza watu kipi kinaingia wapi. Meneja wa Mombasa, Mzungu mmoja mwembamba aliyekuja kusimamia, akanisikiliza kwa muda, kisha akaniuliza jina. Jioni ile nilikuwa Mkuu wa Mafunzo.

Nilipewa koti la kaki lenye mkanda wa ngozi. Nawaambieni, sijawahi kupenda nguo kama nilivyolipenda koti lile.

Nilipewa pia walimu wawili, na hapa nisikilizeni vizuri. Wa kwanza aliitwa Athmani, mtu wa Mkomani, wa nyumba za kale, mpole, kanzu haina kunyanzi, na kwa mafundo ya kamba hakuna aliyemfikia. Wa pili aliitwa Kombo, mtu wa Langoni, kifua kipana, sauti inatangulia mwili wake kona mbili, naye alikuwa amefanya kazi na winchi za melini miaka mingi. Asiyeijua Amu ajue kwamba mji ule una pande mbili, Mkomani kaskazini na Langoni kusini, na pande hizo zimeshindana kwa kila kitu kinachoshindaniwa, kwa ngoma, kwa mashairi, kwa nani maulidi yake yalijaa na arusi ya nani ilipikwa wali ukabaki. Mimi nililijua hilo. Kila mtoto wa Faza analijua. Ila nilidhani hayo ni mambo ya ngoma, na winchi ni winchi.

Mwanzo nilifundisha wote pamoja asubuhi. Watu wa Langoni wakawa wanachelewa, kila siku, wanasema ni mbali (ni mwendo ambao sigara haiishi). Watu wa Mkomani wakawa wanalalamika kwamba wanangojeshwa. Nikachoka kuwasikia, nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa, ambao ningeweza kuufanya huku nikipiga mswaki: wa Mkomani waje asubuhi, wa Langoni waje baada ya Adhuhuri. Na kwa kuwa Athmani anakaa Mkomani, aanze na kundi la asubuhi kwa mafundo na ishara. Kombo aanze na kundi la mchana kwa winchi. Tukifika katikati wabadilishane, kila kundi lipate yote. Mkinisikia nikiueleza hivi, si mnaona ulikuwa utaratibu mzuri? Nami niliona hivyo hivyo. Siku ile ile, nikiwa nafunga mlango wa ghala, nikawaambia walimu wangu, "Na Meneja akija kukagua, tutaona kundi gani limejifunza vizuri."

Hayo tu. Sikuongeza neno.

Wiki iliyofuata hapakuwa na mchelewaji hata mmoja. Watu waliokuwa wakija kwa kuvutwa sikio walinikuta mimi ndiye niliyechelewa. Mtu mmoja alikuja na homa, amejifunga shuka, anatetemeka, nikamwambia arudi akalale, akanijibu, "Kisha waseme Langoni tuna wagonjwa?" Wakaanza kuja na watu wasioajiriwa na kampuni, muuza kahawa, mshona kofia, maalimu wa chuo cha Kurani, wote wanataka kujua mafundo ya upande wao yanakwendaje. Nikamtumia Meneja habari kwamba mahudhurio ni kamili na moyo wa kujifunza ni mkubwa mno, na nikamtumia mkwe wangu salamu kwamba aje siku ya ukaguzi, ajionee mwenyewe mume wa mwanawe alivyotulia. Ramadhani ilikuwa inakaribia, nami nilitumaini akishaniona hatangoja mwaka utimie. Nilianza hata kuulizia chumba cha kupanga chenye kisima ndani, kwa sababu Esha hapendi kuteka maji nje.

Kisha yakaja masinia. Kwa kuwa kila upande ulisema mwamuzi hawezi kuwa mtu wa upande wa pili, mwamuzi nikawa mimi, na mwamuzi wa Amu hashindi njaa. Biriani kutoka Mkomani, wamefunika kwa kawa jipya. Samaki wa kupaka kutoka Langoni, bado wa moto. Halua, visheti, mkate wa mofa. Hakuna aliyesema neno, sinia linakuja, linasema "salamu tu," linaondoka tupu. Mimi nilikula ya pande zote mbili kwa usawa, nikajiona mwadilifu. Mkanda wa koti nikausogeza tundu moja.

Ikafika siku ya kubadilishana walimu. Nikamwita Athmani ofisini (ofisi ilikuwa pembe ya ghala yenye meza), nikamwambia, "Kuanzia kesho wewe uje mchana, Kombo achukue asubuhi."

Athmani akaitengeneza kofia yake, ingawa ilikuwa imekaa sawa. "Bwana Bakari, wataka nikawafundishe mafundo watu wa Langoni?"

"Ndiyo. Ni wafanyakazi wenzenu."

"Wenzetu, sikatai. Lakini mafundo haya nimefundishwa na babu yangu."

"Kwani babu yako alikukataza?"

"Hakunikataza," akasema taratibu, "kwa kuwa hakudhani atatokea mtu wa kuniuliza."

Nikamwacha, nikamwendea Kombo, ambaye nilimkuta gatini anaipaka winchi mafuta kama mtu anayempaka mtoto wake. Yeye hakutengeneza kofia. "Nimfunze Mkomani winchi? Bakari, umekula nini yeo?"

"Nimekula samaki wenu. Kombo, hii ni kazi. Kila mtu ajue yote, ndiyo amri."

"Na ngoja akishayua. Kesho kutwa atasema winchi ililetwa kwao, sisi tulikuja kutazama. Si ndivyo walivyofanya kwa lile zumari?"

"Zumari gani?"

"Wewe mtu wa Faza," akasema kwa huruma, "hutayua."

Hapo ndipo kiongozi wa kweli angepiga meza. Angewaita wote wawili chumba kimoja, angefunga mlango, asingeufungua mpaka wamekubaliana. Mimi nilifikiri: mahudhurio ni kamili, watu wana ari, Meneja amefurahi, mkwe anakuja, masinia yanakuja, kwa nini nichokoe? Nikawaambia basi endeleeni, tutabadilishana wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika Mkomani wakawa wanafanya mafundo yao ndani ya ua wa mtu, wameweka mlinzi mlangoni. Langoni wakawa wanaitandikia winchi turubali wakimaliza, wanalifunga kwa kamba (vibaya, kwa kuwa mafundo hawayajui). Mimi, Mkuu wa Mafunzo, mlinzi wa ua alinizuia kuingia mpaka aliponisikia nikitaja jina la aliyeniletea biriani.

Siku ya ukaguzi ilikuwa Alhamisi, asubuhi, maji yamekupwa, tope limelala wazi chini ya gati linang'aa. Niliwekea viti kivulini. Meneja akakaa na soksi zake ndefu nyeupe, na kando yake akakaa mkwe wangu, Bwana Shee, aliyetoka Faza jana yake, bakora kati ya magoti. Nilipomwamkia aliniangalia koti, akaniangalia tumbo, akasema, "Kazi imekupenda." Nikachukua kuwa ni sifa.

Nilitegemea wafanyakazi. Ukaja mji. Kutoka kaskazini niliwasikia kabla sijawaona, Mkomani wamekuja na goma, safu ya kanzu nyeupe inayumba pamoja, bakora zinapanda na kushuka. Kutoka kusini Langoni wakaja na zumari na kirumbizi, vijana wawili mbele wanachezeana fimbo. Kwenye mdomo wa kichochoro wakasimama wanawake wa pande zote mbili katika buibui zao, na wale wa Langoni wamekuja na pembe zao za nyati za kuchezea vugo, ngoma yao ya arusi, wanazigonga polepole, ko, ko, ko, kama mtu anayepima subira yako. Meneja akaniinamia, akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Leo iko sikukuu?" Nikamjibu kwamba hawa ni watu wanaopenda elimu.

Wakaanza kugombana nani aanze. Nikasema aliyeanza asubuhi aanze, yaani Mkomani, na Langoni wakaniangalia jinsi mtu anavyomwangalia mgeni aliyekula samaki wake akasahau.

Lazima niseme haki, Mkomani walifunga mzigo ule kwa namna ambayo ungependa kuuweka sebuleni. Korija nzima ya boriti, zile ishirini, zimelala kama zimezaliwa pamoja, mnyororo umepita sawasawa, fundo limekaa juu kama kishada. Kisha wote wakarudi nyuma hatua zinazotakiwa, mtoa ishara akasimama mahali pake, akanyanyua mkono juu. Mkono uko juu. Hakuna mtu kwenye winchi. Mkono ukaendelea kuwa juu.

"Athmani," nikasema, "mbona hawainui?"

"Sisi tumemaliza, Bwana Bakari."

"Na winchi?"

"Ya winchi," akasema, na safu nzima ya kanzu ikatazama bahari, "ni mambo ya kina Kombo."

Nikaita Langoni haraka, kabla Meneja hajauliza. Wakavua kofia, wakashika mipini, wakaizungusha winchi ile ikaimba, sijapata kuona watu wakizungusha vile hata Mombasa, mkono wa chuma ukageuka, kulabu ikashuka, ikapanda, ikaenda kushoto, ikaenda kulia, ikasimama pale pale ilipoambiwa isimame. Tupu. Hawakuwa na mtu wa kuitia mzigo. Waliinua hewa, wakaishusha hewa taratibu isivunjike, na wanawake wa Langoni wakapiga vigelegele. Meneja aliifuata ile kulabu kwa macho ikienda na kurudi, kisha akanigeukia mimi, na mkwe wangu naye akanigeukia, kwa wakati mmoja, kama waliopatana.

Nikasema kwa sauti ya uchangamfu, "Sasa wote pamoja. Mkomani wamefunga, Langoni wainue."

"Mafundo ya watu hatuinui," akasema Kombo. "Yakifunguka tutaambiwa ni sisi."

"Mzigo wetu hauinuliwi na wao," akasema Athmani. "Ukipanda watasema waliupandisha wao."

"Lakini ndivyo," nikasema, "watakuwa wameupandisha wao."

"Basi waona mwenyewe," akasema Athmani.

Pale nilipandwa na hasira, na hasira yangu ina tabia moja mbaya, inanipa kujiamini. Nikasema sawa, nitafunga mimi. Mafundo si najua? Nimefanya kazi ngapi? Nikaenda kwenye rundo jingine la boriti, lililokuwa ukingoni mwa gati, nikainama, nikaanza kupitisha mnyororo. Kombo akaniletea kulabu kwa winchi taratibu juu ya mgongo wangu, vizuri kabisa, kama nilivyowafundisha. Jua linachoma, koti linabana, na pale nyuma yangu zumari likaanza tena, na kirumbizi, na mtu wa Mkomani akajibu kwa shairi ambalo lilihusu, kama nilivyosikia, mtu anayevua kwa kulabu isiyo na chambo, na Langoni wakajibu la kwao, na kelele zikawa nyingi hata sisikii mnyororo wangu mwenyewe. Nikanyanyua mkono juu, bado nimeinama, kuwaambia wanyamaze.

Na mkono uliopandishwa juu, mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha wote tangu zile asubuhi za pamoja, maana yake ni inua.

Langoni walikuwa wanafunzi wazuri. Waliinua. Kulabu ilikuwa imeingia chini ya mkanda wa koti langu mgongoni, sijui saa ngapi, na jambo la kwanza nililohisi ni kwamba mtu ananivuta kwa nyuma kwa adabu, la pili ni kwamba boriti zinaondoka, na la tatu ni kwamba hazikuondoka, nimeondoka mimi. Nikapanda. Mkono wa winchi ukageuka kama ulivyozoea, ukanitoa gatini, ukanipeleka juu ya lile tope, ukasimama. Kombo akachomeka kigingi cha breki. (Hilo pia nililifundisha mimi: mzigo ukisimama juu, kigingi kwanza, mengine baadaye.)

Ngoma zikanyamaza. Nilikuwa nimelalia tumbo hewani, mikono na miguu inaning'inia, nazunguka polepole, kwa hiyo niliwaona wote kwa zamu, Mkomani, bahari, Langoni, wanawake, Meneja, mkwe wangu, kisha Mkomani tena.

"Nishusheni," nikasema.

"Tutakushusha," akasema Kombo, mkono wake juu ya kigingi. "Lakini kwanza Mkomani wakubali, winchi imeinua."

"Imeinua nini?" akauliza Athmani. "Mzigo uko pale tini, haujaguswa."

"Huyu si mzigo?"

"Huyu ni mkubwa wetu."

"Ana uzito. Chenye uzito ni mzigo."

"Hakufungwa. Kisichofungwa si mzigo, ni ajali."

Nikamwambia Athmani kubali. Nikamwambia Kombo usimngoje. Nikawatolea ishara ya kushusha kwa mikono miwili, lakini kwa kuwa nazunguka, kila nilipoanza kuitoa nilikuwa nimewapa mgongo, na ishara yangu nikaimalizia baharini. Meneja akasimama, akasema kitu kwa Kiingereza ambacho hakikuhitaji tafsiri. Na Bwana Shee, bila kunyanyuka kitini, akasema kwa sauti yake ile ya siku zote, "Nimemwona akiwata kazi akenda zake kwa miguu mara nyingi. Kwa hewa, hii ndiyo ya kwanza."

Hapo ndipo walipocheka, na walicheka pande zote mbili kwa pamoja, jambo ambalo mafunzo yangu yote hayakuweza kulileta. Nami nikajitikisa kwa ghadhabu, vifungo vya koti vikaanza kuachia, kimoja, kingine, kisha bizimu ya mkanda, mikono ikateleza ndani ya mikono ya koti, na Mkuu wa Mafunzo akabaki juu kwenye kulabu, mabega yamekaa sawa. Aliyeanguka topeni ni mimi.

Tope la pwani ya Amu ni laini, haliumizi. Linashika tu. Nilivutwa na watu wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, kila mmoja akisema yeye ndiye aliyenitoa.

Meneja aliningojea nioshwe kwa ndoo mbili. Kisha akauliza, si kwa ukali, "Hapa nani anajua kazi yote?"

Nikawatazama watu wangu. Nusu wanajua nusu ya kwanza, nusu wanajua nusu ya pili, na mimi niliyejidai najua zote nilikuwa nimetoka topeni sasa hivi. "Hakuna, Bwana," nikasema.

"Wewe umeongoza nini?"

Hilo bado nalifikiria. Nilikuwa nimeongoza mahudhurio.

Winchi ikavikwa turubali mpaka aletwe mwalimu mwingine kutoka Mombasa. Athmani na Kombo wakabakishwa, wafundishwe upya, benchi moja. Mimi nikaambiwa nirudishe koti, nikawaonyesha lilipo. Ramadhani ilikuwa mbele yangu, karibu kabisa, na kazi sina. Mkwe wangu aliniaga kwa adabu, akasema, "Hesabu itaanza tena, mwanangu, ukipata ingine," na jioni ile pande zote mbili za mji zilicheza mpaka Magharibi, kila upande ukisherehekea kwamba umeshinda.

Nikarudi Ras Kitau kuchoma chokaa. Kutoka kule, ng'ambo tu ya maji, nilikuwa naisikia Amu ikiniimba. Wanawake wa Langoni walikuwa wametunga wimbo wa vugo siku ile ile, kabla tope halijanikauka, na haukupita muda arusi haikamiliki bila kuimbwa:

Mwalimu wa winchi huyo,
kapaa kama kipungu,
wanafunzi wako tini,
mwalimu yu kwenye wingu.

Kulikuwa na beti nyingine, za tumbo, sizitaji.

Mfungo ukapita, Iddi ikapita, nikakata tamaa ya kumwona Esha mwaka ule. Kisha siku moja nikaitwa ufukweni, nikamkuta ameshuka na sanduku lake, na baba yake nyuma yake amebeba mto, ana uso wa mtu aliyeshindwa mahali ambapo hakujua kuna vita.

"Bwana Shee," nikasema, "mwaka haujatimia."

"Nayua," akasema. "Mwambie yeye."

Esha hakunisalimu. Alinitazama kichwa hadi miguu, vumbi la chokaa na yote, kama mtu anayehakikisha kwamba aliyeimbwa ndiye huyu. "Wimbo umefika Faza," akasema. "Wameuimba arusi ya binamu yangu, mimi nimekaa pale katikati, wote wananitazama. Mume wangu anaimbwa miji miwili, na mimi niko kwa baba nasuka ukili, sina hata jibu. Watu wataniona mimi ni bubu?"

"Waache tu, Esha. Watasahau."

"Aliyeutunga nyumba yake ni ipi?"

"Esha."

"Nimekuya na beti nane," akasema. "Nataka nyumba tu."

Nikamtazama mkwe wangu, akatazama bahari, kama Mkomani. Basi ndivyo nilivyompata mke wangu, si kwa kutulia, bali kwa kutukanwa. Tumekaa Amu tangu siku ile, yeye huenda kwenye kila arusi anakojua wale wa Langoni watakuwapo, nami usiku wa arusi hukaa nyumbani nimejifunika, nikingoja kusikia mambo yangu yamepandishwa wapi tena. Na nimeapa, wallahi, mtu akiniletea tena watu wa kufundisha, nitawafungia chumba kimoja, wa kaskazini na wa kusini, bega kwa bega, wachelewaji na wanaowangoja, hata kama watanuniana mpaka Alasiri, na mwalimu asiyetaka kumfundisha mwenzake nitamwambia aende zake siku hiyo hiyo, hata kama anatoka kwenye nyumba iliyoniletea biriani. Ila hakuna aliyeniletea. Kila ninapopeleka jina langu kuomba kazi ya kufundisha, karani huliandika, hutulia kidogo, kisha huanza kuimba polepole puani.